Mgeni Asiyekula Nyama

Ndugu msomaji, kumpeleka mgeni hotelini kula chakula cha mchana siku ya Jumapili ni jambo la furaha kwa jamaa nzima. Watoto huvaa nguo zao za sikukuu, jiko la nyumbani hupumzika, na mgeni hujiona kwamba amekirimiwa. Lakini je, umewahi kumpeleka hotelini mgeni asiyekula nyama? Mimi nilifanya hivyo mwezi uliopita hapa Dar es Salaam, na aibu niliyoipata ndiyo iliyonisukuma kuandika safu ya leo.

Mgeni mwenyewe ni baba yangu mdogo, fundi mstaafu wa reli, aliyetoka Tabora kuja kutibiwa mguu. Kidole gumba kilikuwa kimevimba na kuwaka moto, hata shuka lilipokigusa usiku aliamka kwa maumivu. Daktari alimpima, akamwambia kwamba ana jongo. Alimweleza kuwa maradhi hayo hutokana na asidi ya uriki inayozidi mwilini na kuganda kama chembe ndogo ndogo kwenye viungo. Pamoja na kumpa dawa, alimtaka apunguze sana nyama nyekundu, na aache maini, figo, dagaa na pombe. Maharage, dengu na mboga za majani hakumkataza. Baba, kwa kuwa anajifahamu, alijiwekea sharti kali zaidi: nyama ya aina yoyote, pamoja na mchuzi wake, hagusi. "Nikionja, mwanangu, nitarudi kule kule," alisema.

Jumapili ya kwanza tulikwenda katika hoteli moja karibu na Kariakoo. Watoto waliagiza pilau. Mimi, kwa kujiamini, nikamwagizia Baba wali na mboga. Baada ya muda mfupi mhudumu alileta wali, na juu yake vipande vitatu vya nyama ya ng'ombe.

Nilitaka kumkaripia, kisha nikakumbuka kwamba kosa lilikuwa langu. Kwetu bara, mboga ni chochote kinacholiwa pamoja na ugali au wali. Mwulize mtoto yeyote, "Leo mboga nini?" naye atakujibu bila kusita, "Nyama." Basi, anayeagiza mboga kwa lugha hiyo hajakataa nyama hata kidogo! Nilimweleza mhudumu kwamba mzee hali nyama. Kijana yule aliitikia kwa adabu, akaichukua sahani, akarudi nayo punde. Vipande vya nyama vilikuwa vimeondolewa. Mchuzi ulikuwa ule ule, na mafuta yake yakimeremeta juu ya wali.

Baba hakusema neno. Alikula wali mkavu wa pembeni pamoja na kachumbari, akanywa maji, akasubiri wajukuu wake wamalize. Tulipofika nyumbani aliniita kando. "Mwanangu," alisema, "siku mtakayotoka tena, mimi niacheni hapa. Mgonjwa asiwaharibie wazima karamu yao."

Ama kwa hakika, maneno hayo yaliniuma. Mzee aliyewalisha watu wa ukoo mzima kwa mshahara wake wa reli, leo anajitenga mwenyewe na meza ya wanawe kwa sababu ya sahani moja! Nikaazimia kwamba Jumapili iliyofuata atakula nasi, na atakula akashiba.

Nilimwendea kwanza rafiki yangu mmoja ambaye kazi yake iko katika mitaa ya Kisutu. Huko, jirani na mahekalu ya Wahindu, kuna migahawa ambayo nyama haiingii jikoni kabisa. Wengi wa Wahindu wa asili ya Gujarati hawali nyama kwa imani yao, na upishi wao usio wa nyama umekuwapo katika miji ya pwani yetu kwa vizazi vingi. Ndiko tulikokwenda. Baba aliletewa sahani pana ya chuma yenye vibakuli kadhaa: dengu, viazi vya binzari, bamia, mtindi na achari, na kando yake chapati za moto. Hapakuwa na haja ya kumchunguza mpishi kuhusu nyama, kwa kuwa haikuwamo ndani ya nyumba ile. Baba alimaliza dengu, akaongezewa. Mjukuu wake mdogo aliuliza kwa sauti, "Babu, nyama iko wapi?" Babu akamjibu, "Leo imepumzika."

Hata hivyo, msomaji, hapana budi kutofautisha. Wako wasiokula nyama na samaki lakini hutumia maziwa, kama wengi wa Wahindu hao. Wako pia wasiotumia chochote kitokanacho na mnyama, yaani hata maziwa, mayai, samli na asali. Huko Uingereza watu wa namna hii walianzisha chama chao mwaka 1944, na siku hizi wafuasi wa mwendo huo wanaonekana hata katika miji yetu. Mgeni wako akiwa miongoni mwao, katika migahawa ya Kihindi uulize habari za samli, maana hupakwa juu ya chapati na hutiwa ndani ya dengu. Aidha, Wajaini walioshika dini barabara hawali hata vitunguu, viazi wala karoti, kwa kuwa huvunwa kwa kung'oa mmea mzima.

Kwa wasiotumia maziwa, migahawa ya Kihabeshi ni kimbilio jema. Waumini wa Kanisa la Othodoksi la Ethiopia hufunga siku za Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, na kwa muda mrefu kabla ya Pasaka. Katika siku hizo hawali nyama, mayai wala maziwa. Kwa sababu hiyo wapishi wao ni mabingwa wa adesi, unga wa dengu uliopikwa kwa viungo, na majani ya aina nyingi, vyote vikiwekwa juu ya injera, mkate wao mpana na laini wenye uchachu. Agiza chakula cha kufunga, nao watakuelewa mara moja.

Lakini si kila jamaa inaweza kumudu kwenda mbali au kulipa bei ya migahawa ya namna hiyo kila mara. Nami sikutaka Baba aamini kwamba chakula chake kinapatikana kwa wageni peke yao. Kwa hiyo, katikati ya juma, tulisimama kwa mama lishe mmoja mwenye sufuria sita juu ya benchi. Safari hii sikutaja neno mboga. Nilimwambia waziwazi, "Mama, mzee huyu hali nyama, hali dagaa, wala hanywi mchuzi wake. Una nini cha kumpa?"

Mama yule alifunua sufuria moja baada ya nyingine. "Kisamvu hiki nimekitia kamba wakavu, Baba, usile. Pilau nimeipika kwa supu ya ng'ombe, iache. Mchicha huu nimeukaanga kwa mafuta ya alizeti, na maharage haya ni ya nazi, hayakuguswa na nyama." Kisha akachukua upawa mwingine, msafi, ndipo akapakua.

Nilichelea kwamba Baba angeyadharau maharage. Wengi wetu tumeyala shuleni na jeshini, tukajifunza kuyaona kuwa ni chakula cha asiye na hiari. Yeye alikula taratibu mpaka mwisho. Tulipoondoka alisema, "Huyu amenihesabu kuwa mtu." Akaongeza kwamba Jumapili ijayo, tukitaka kutoka, tusimwache.

Naam, ndugu msomaji, hapo ndipo penye funzo langu. Vyakula visivyo na nyama tunavyo tele: mbaazi za nazi, kunde, choroko, makande, bamia, mlenda, matembele, majani ya maboga yenye karanga. Tunachokosa mara nyingi ni ukweli juu ya chungu. Kwa mpishi, kipande cha nyama kikiondolewa kazi imekwisha. Kwa mwenye ahadi ya daktari, ya dini au ya nafsi yake, mchuzi ule bado ni nyama.

Basi, kabla ya kukaa mezani, uliza mambo manne. Je, wali huu umepikwa kwa maji au kwa supu? Majani haya yametiwa dagaa au kamba? Yamekaangwa kwa mafuta gani? Upawa wa nyama ndio huu huu? Uliza wewe mwenyeji, uulize mapema na kwa upole, ili mgeni asilazimike kujieleza mbele ya watu. Nanyi wenye hoteli, kujibu kweli hakuwagharimu kitu. "Hiki usile" ni neno linaloweza kumrudisha mteja kesho.

Baba amekwisha kurudi Tabora, na kidole kimepoa. Juzi alinipigia simu, akaniuliza kama mama lishe yule angali mahali pale pale. Nilimjibu kwamba yupo, na sufuria zake zote sita.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakieni mapumziko mema.