Nyaya za juu hatuzitaki, umeme tunautaka!

Ndugu raia wa Yangambi na Kisangani,

Kila mara wakubwa wakianza kuongea usafiri wa umeme, wanatuonyesha picha za Ulaya: nguzo, nyaya juu ya barabara, basi safi chini yake. Sisi vijana tunasema: apana. Si kwa hapa kwetu.

Hatuchukii nyaya. Kule Katanga treni zinavutwa kwa umeme wa nyaya tangu miaka ya 1950, juu njia ya reli haihami na mizigo ya migodi ni mingi. Lakini Yangambi mpaka Kisangani ni karibu kilomita 100, na barabara yetu kubwa ni Mto. Nani atafunga nyaya juu ya mitumbwi? Tena nyaya zikikosa umeme, kila kitu kinasimama pamoja. Na umeme unapotea mara ngapi? Munajua wenyewe.

Wengine watasema basi la umeme bila nyaya ni jambo jipya. Si kweli! Kuanzia 1955 Léopoldville, Kinshasa ya leo, ilikuwa na majirobasi 12. Ndani mulikuwa gurudumu zito. Lilizungushwa kwa umeme kituoni, kisha basi linaenda bila waya. Mwaka 1959 yalisimamishwa: vyombo vilichakaa, vilikula umeme mwingi. Tushike somo: kuondoa nyaya peke yake hakuponyi barabara mbovu wala umeme kidogo.

Leo Kigali kuna pikipiki za umeme. Betri ikiisha, dereva anaibadilisha kituoni kwa dakika chache, anaendelea na kazi. Na kobalti ya betri za dunia, sehemu kubwa inatoka Kongo! Inatoka kwetu, lakini ndugu yetu wa toleka bado anabeba watu kwa nguvu ya miguu yake. Haki iko wapi?

Kwa hiyo tunadai:

1. Mashine zote 3 za barrage ya Tshopo zitengenezwe, zizunguke, zilindwe.

2. Barabara ya Kisangani–Yangambi itengenezwe.

3. Vituo vya kubadilisha betri, vyenye sola, viwekwe kwenye bandari za Yangambi na Kisangani, kwa pikipiki, toleka na mitumbwi.

4. Watu wa toleka, wa moto na wa mitumbwi wakae mezani mbele mkataba wowote haujasainiwa.

Nyaya zinaweza kungoja. Sisi tumechoka kungoja.

Sisi vijana raia, Yangambi