Malalamiko Si Umbea

Februari 2023, BBC ilirusha makala kuhusu mashamba ya chai ya Kericho, hapo tu mpakani na Nyamira, ambako Wakisii wamevuka kwenda kutafuta kibarua kwa vizazi. Zaidi ya wanawake 70 walisema wasimamizi wao waliwadhulumu kingono, katika mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na Unilever na James Finlay. Tulikasirika mitandaoni, kisha tukachemsha chai.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: Unilever ilikuwa imekabiliwa na madai kama hayo zaidi ya miaka kumi nyuma, ikaahidi kwamba haitavumilia unyanyasaji hata kidogo. Sera ilikuwepo. Wa kujibu ndiye aliyekosekana.

Na usidhani hayo ni ya Kericho pekee. Jiulize kuhusu hoteli, saluni au shule ya kibinafsi unakofanya kazi Kisii mjini, Keroka au Nyamira. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na taarifa ya sera kuhusu unyanyasaji wa kingono: jinsi ya kulalamika, hatua atakazochukuliwa mkosaji, na kwamba jina la mlalamikaji halitatolewa ila pale uchunguzi unapolazimu. Je, umewahi kuiona hiyo karatasi?

Tuseme ipo. Msichana ataipeleka wapi shida yake? Kwa meneja, mzee wa rika la baba yake, pengine wa ukoo mmoja na mshtakiwa. Sisi Abagusii tuna chinsoni, ile heshima inayomzuia mtoto kutaja mambo ya mwili mbele ya mzazi. Mwajiri anaijua vizuri, na inamfaa. Asiposikia lalamiko, anasema kwake hakuna shida. Kama kweli anaheshimu chinsoni, basi ateue mwanamke wa kupokea malalamiko, aliye nje ya mamlaka ya msimamizi huyo.

Halafu ajibu. Kujibu si kumwambia dada wa watu "vumilia, unajua vile yeye huwa". Kujibu ni kuandika lalamiko na tarehe, kumhamisha mshtakiwa wakati wa uchunguzi badala ya kumhamisha mlalamikaji, kusikiliza pande zote mbili, na kutoa uamuzi. Wanaolia kwamba wanaume watasingiziwa wangekuwa wa kwanza kudai uchunguzi, kwa sababu ndio unaomsafisha asiye na hatia. Bila uchunguzi kinachobaki ni umbea, na umbea hausafishi mtu.

Wenye wafanyakazi watano wasijifiche nyuma ya ile 20. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haihesabu wafanyakazi: mwenye mamlaka anayezidi kumsumbua mtu kingono huku akijua hatakiwi anaweza kufungwa miaka isiyopungua 3, kutozwa faini isiyopungua shilingi 100,000, au yote mawili. Na kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira hakimruhusu mwajiri kukufuta kwa sababu umelalamika, labda ithibitishwe kwamba lalamiko lako halina msingi wowote.

Kwa hivyo Jumatatu, mwulizeni bosi: sera iko wapi, na nani anapokea malalamiko? Ulizeni mkiwa wengi, wanaume mkiwemo, ili asijue wa kufuta ni nani.