Feza ya Kuzaa Inatafutwa Mbele ya Siku

Juma hili tuongee juu ya mtoto anayekuja na mfuko wa nyumba.

Katika mji wetu wengi wamekwisha kuona jambo hili: mama amezaa salama, mtoto ni mzima, lakini hawatoki hospitalini. Fakitire haijalipwa. Mwaka 2018 waandishi wa shirika la habari Associated Press walitembelea hospitali na vituo vya afya zaidi ya 20 hapa Lubumbashi, wakakuta karibu vyote vinazuia mgonjwa aliyeshindwa kulipa. Na kila siku mama anayobaki ndani, jamaa wanamletea chakula, meza yake ya soko imefungwa, na watoto wengine wako kwa jirani. Deni linakua huku yeye amelala.

Hatuwezi kujua mtoto atatoka namna gani. Lakini miezi ya mimba ni mingi, na feza kidogo kidogo ya miezi hiyo inaweza kufanya kile ambacho mkopo wa usiku mmoja hauwezi.

Uliza bei, usikisie

Ukienda CPN ya kwanza, nenda na daftari. Mwulize muuguzi maswali haya: Kuzaa kwa kawaida ni bei gani? Kupasuliwa ni bei gani? Vitu gani mama analeta mwenyewe: glavu, pamba, sabuni, dawa? Kitanda kinalipwa kwa siku? Kuna feza ya kutanguliza kabla mama hajapokewa? Na kama feza haitoshi, tunaweza kulipa kwa mafungu, na tunapatana na nani? Swali hilo la mwisho linaulizwa mapema. Ukiliuliza siku ya kutoka, umekwisha kuchelewa.

Mwezi wa Septemba 2023 Serikali ilianzisha kule Kinshasa mpango wa wamama kuzaa bila kulipa, na baadaye mpango huo ukaanza kupelekwa katika majimbo mengine. Usiishie kwenye habari ya redio. Mwulize muuguzi kama kituo chako kimo ndani ya mpango, na kama kimo, ni nini kinachobaki juu ya mama.

Bahasha tatu

Wengi wetu tunatafuta feza ya kuzaa tu. Mimi ninawaomba mtengeneze bahasha tatu.

Ya kwanza ni ya materinite, kufuata bei uliyoandika kwenye daftari.

Ya pili ni ya hatari: kupasuliwa, damu, na taksi ya usiku. Uchungu hauchagui saa. Kama unakaa mbali katika Annexe au ndani ndani ya Ruashi, tafuta mapema dereva unayemjua, chukua namba yake, patana naye bei ya usiku.

Ya tatu ndiyo tunayoisahau: feza ya nyumba kwa majuma ambayo mama hauzi. Mama anayeuza mikate, tomate au makala katika soko la Kenya au Katuba hana mshahara wa kupumzika. Akilala majuma sita bila bahasha ya tatu, nyumba inakula mtaji wake. Siku anayotaka kurudi sokoni, anakuta hana cha kununulia bidhaa, na hapo anaingia katika deni la riba. Mtoto hakuleta umasikini huo. Uliingia kwa sababu mtaji na chakula vilikaa katika mfuko mmoja.

Tufanye hesabu kama darasani. Mama anaweka franga 1 000 kila siku ya kuuza, siku 6 kwa juma. Hiyo ni franga 6 000 kwa juma. Kwa majuma 30 ni franga 180 000. Anayeweza 500 atapata 90 000. Huenda haitoshi kulipa yote, lakini ni tofauti kubwa na mikono mitupu.

Kwa mama anayefanya kazi ya mkataba, sheria ya kazi ya mwaka 2002 inampa majuma 14 ya kupumzika kwa ajili ya kuzaa, na haki ya kupata theluthi mbili za mshahara wake. Maana yake theluthi moja haitaingia. Kama mshahara wako ni franga 300 000, hesabu nyumba yako juu ya 200 000. Jaribu kuishi na kiasi hicho mwezi mmoja kabla ya kuzaa: utaona mahali panapobana, na ile theluthi unaiweka katika bahasha.

Zamu ya likelemba

Likelemba ni chombo tunacho tayari. Wamama 10 wakitoa franga 5 000 kila juma, mmoja anapokea 50 000. Tatizo ni zamu. Mara nyingi mwenye mimba anapokea mwezi wa tatu wa mimba, feza inaingia katika kitenge na karo, na siku ya uchungu anabaki kulipa wenzake. Ombeni hivi katika kundi: mwenye mimba apokee katika mwezi wa nane. Si wa tisa, maana watoto wengine hawangojei tarehe.

Tena kundi linaweza kufungua sanduku dogo la hatari pembeni ya likelemba. Kila mama aongeze franga 500 kwa juma. Wamama 10 wanapata 5 000 kwa juma, na kwa majuma 30 ni 150 000. Feza hiyo inakopeshwa bila riba kwa mama aliyepasuliwa au ambaye mtoto wake ameshikwa na ugonjwa, naye anarudisha polepole. Yaandikwe katika daftari mbele ya wote: nani alitoa, nani alichukua, atarudisha lini. Sanduku likae kwa mmoja, ufunguo kwa mwingine, daftari kwa wa tatu. Hii si kukosa kuaminiana. Ndiyo inayotuzuia kugombana.

Mahali pa kuweka

Wengine wanageuza franga kuwa dolari kwa kuogopa bei kupanda. Ni vizuri, lakini angalia noti yako: iliyopasuka au kuchafuka, hata kidogo, watu wataikataa usiku ule unaoihitaji. Wengine wanaweka katika simu, kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Hapo kumbuka jambo moja: uko ndani unazaa, nani atatoa feza? Majuma mawili kabla ya tarehe, toa sehemu iwe mkononi mwa mtu mmoja wa kuaminika, dada yako au mama mkwe, na baba wa watoto ajue iko kwa nani na ni kiasi gani.

Kuongea na baba wa nyumba

Mazungumzo ya feza yanaharibika tukianza na lawama. Yanaenda vizuri tukianza na karatasi. Mngoje amekwisha kula bukari, umwonyeshe daftari: "Baba Junior, leo nilipita ku materinite, niliuliza bei. Kama ninazala bien, ni hii. Kama banapasula, ni hii. Mimi niko naweka mia tano kila siku. Weye utaweza ngapi?" Mtu anayeona namba na anaona wewe umekwisha kuanza, ni vigumu kukujibu "tutaona". Na kama hana kazi kwa wakati huu, ana mambo mengine ya kutoa: kupatana na dereva, kufuata bei ya dawa, kulinda watoto wakati uko ndani.

Visivyohitaji feza

Si kila kitu kinachohusu mtoto kinanunuliwa. Maziwa ya mama peke yake yanamtosha kwa miezi sita, bila maji na bila uji. Kopo la maziwa ya duka linaweza kungoja. Chanjo za ratiba zinatolewa bila kulipa: BCG na matone ya polio anapozaliwa, halafu majuma 6, 10 na 14, na surua miezi tisa. Nguo za mtoto omba kwa dada na jirani ambao watoto wao wamekua, maana mtoto mchanga anazivaa majuma machache tu. Kitu kimoja usikionee bei: kama atazaliwa mwezi wa sita au wa saba, blanketi nzito ni lazima, baridi ya Lubumbashi mnaijua.

Halafu karatasi ya kuzaliwa. Sheria ya kulinda mtoto ya mwaka 2009 inasema kumwandikisha na kupata hati ni bure, ndani ya siku 90. Siku hizo zikipita, inabidi kupitia hukumu ya mahakama, na njia hiyo inakula feza na siku za kazi. Kwa hiyo weka alama kwenye kalenda. Siku moja ya kupanga mstari kule komine inakuokolea gharama ya miaka ijayo, maana shule itaiomba karatasi ile.

Kazi ya juma hili

Kila kundi litakapokutana, mama mmoja aulize: nani kati yetu ana mimba, na tarehe yake ni lini? Andikeni. Tengenezeni zamu kufuata tarehe hizo, si kufuata nani alisema kwanza. Na mama mwenye mimba aende nyumbani na kazi yake: daftari, bei, bahasha tatu, na franga ya kwanza leo, hata kama ni mia mbili.

Sisi wote tunapenda kwenda kwa mama aliyezaa, na sabuni mkononi na nyimbo mdomoni. Basi twende pia kwake mwezi wa tano wa mimba, tumwulize kwa upole: "Mama, bahasha iko wapi?" Nyimbo zitakuwa tamu zaidi tukiimbia nyumbani kwake.

Tuonane juma lijalo.