PAMBA BILA SUMU

Wananchi wa Kanda ya Ziwa hawakuanza jana kuipigania pamba. Mwaka 1955 wakulima, wakiongozwa na Ndugu Paul Bomani, waliunganisha vyama vyao vya ushirika ili wasipunjwe tena na wanunuzi. Walifaulu kwa sababu walikuwa kitu kimoja.

Leo tunasema: ardhi nayo inapunjwa. Shamba lipandwalo pamba mwaka hadi mwaka huchoka, na dawa ya kuua funza huua pia nyuki na wadudu walao funza. Mvua ikinyesha, sumu hufuata mito hadi Ziwani, na Ziwa hilo ndilo tunalovua sisi wa Mkuyuni.

Hatuzungumzi ndoto. Huko Meatu, jirani na Pori la Akiba la Maswa, wako wakulima waliolima pamba bila dawa za viwandani tangu 1994. Hubadilishana pamba na jamii ya kunde, hutia samadi, na hupanda mistari ya alizeti iwavute funza. Wazee wetu wa Kisukuma nao walijua kupumzisha ardhi. Ngitili ni ushahidi.

Lakini kazi hiyo ni ya jasho, na si haki mkulima aibebe peke yake kwa faida ya wote. Kwa hiyo tunadai vyama vya ushirika vipime pamba hii mbali na nyingine, na kumlipa mkulima bei ya juu, taslimu.

Mwanachama, simama katika mkutano wa chama chako, ulitamke neno hili. Umoja ni nguvu!