Daktari wa mseto aanze kwa kuuliza

Kimya changu msikijali, test zilinibana vibaya. Leo nimeweka madesa pembeni nitoe dukuduku langu.

Juzi hapa UDOM kuna jamaa anayesoma udaktari alisema akimaliza anataka arudi kwetu Singida awe daktari wa familia, atibu kwa dawa za hospitali na za asili pamoja. Wenzake wakamcheka, eti mganga mwenye koti jeupe. Mi naona wanaocheka wamechelewa. Mseto ulishaanza siku nyingi, tena unafanyikia tumboni mwa mgonjwa, daktari hana habari.

Mfano ni bibi yangu kule Iramba. Ana presha, vidonge anameza, na unga wa majani ya mlonge anakoroga kwenye uji kila asubuhi. Kliniki hasemi ng'o. Siku aliyotaja mizizi alifokewa mbele za watu, basi ikawa mwisho. Sasa jamani, mlonge nao unaweza kushusha presha. Kitunguu swaumu kingi ukichanganya na dawa ya kuzuia damu kuganda, unaweza kuvuja damu kirahisi. Daktari asiyeambiwa atapangaje dozi?

Wala hatuanzi sifuri. Miaka ya 1990 kule Tanga, Tanga AIDS Working Group iliwakutanisha watu wa hospitali na waganga wa jadi. Waganga wakafundishwa kuhusu UKIMWI, na mitishamba yao ikatumika kwa magonjwa nyemelezi, si kama tiba ya UKIMWI wenyewe. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tunayo tangu 2002. Hata dawa mseto ya malaria tunayomeza wote imetokana na mmea uliotumiwa na Wachina tangu enzi, na Tu Youyou akapata Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2015.

Wanaopinga nao wana hoja. Mwaka 2011 watu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu, na wapo walioacha ARV zao. Hatari ipo pale mtu anapoambiwa achague kimoja atupe kingine. Huyo Tu Youyou hakuishia kwenye "wazee walitumia". Kilichomo kwenye mmea kilitengwa, kikapimwa, dozi ikajulikana. Kuheshimu mti ni pamoja na kuupima.

Kwa hiyo ninyi madaktari watarajiwa, kabla ya kuwaza kozi na vyeti vya tiba mbadala, jifunzeni hili: "Shikamoo bibi. Na nyumbani unatumia dawa gani nyingine?" Ukishauliza, nyamaza umsikilize. Usifoke, usicheke. Pengine utamwambia mlonge apunguze, pengine utapunguza kidonge chako. Lakini utakuwa unamtibu bibi mzima, siyo ile nusu aliyokubali kukuonyesha.

Nawasilisha. Narudi kwenye madesa.