KIDONGE CHA PRESHA SI CHA SIKU YA KUUMWA

Maoni ya mwakilishi mmoja wa wafanya kazi, Naivasha



Kila mwaka ufikapo mwezi wa Januari sisi wa maua hatujui mchana wala usiku. Waridi zote zatakiwa Ulaya kabla ya tarehe 14 Februari, na nyapara hataki kusikia habari ya mtu kwenda kliniki. Katika majira hayo, mwaka mmoja, mama mmoja tuliyesimama naye meza moja ya kupanga maua alikosa siku yake ya hospitali. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na presha pia. Vidonge vyake vya presha vikaisha. Nilipomwuliza alinijibu, "Si neno, ndugu, sisikii maumivu yo yote. Nitakwenda kazi ikipungua."

Kazi ilipopungua, mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa na mdomo umekwenda upande. Leo yuko kwao. Mikono ile iliyofunga maelfu ya mashina kwa siku sasa haiwezi kushika kikombe, na binti yake ameacha shule ili amlishe.

Siapi kwamba vidonge vingemwokoa kwa hakika. Hakuna daktari awezaye kuapa hivyo. Lakini nasema, na nitalisema mbele ya tajiri ye yote, kwamba alinyimwa nafasi ya kuokoka, na waliomnyima ni wawili: shamba lililomzuia kwenda, na sisi wenzake tulioamini kwamba asiyesikia maumivu si mgonjwa. Nataka kusema na pande zote mbili, na nitaanza na sisi wenyewe.

MISHIPA YETU NA MIPIRA YA MAJI

Kila mtu wa grinihausi aijua mipira ya matone. Fundi akifungua pampu kwa nguvu kupita kiasi, mpira hautoboki siku hiyo hiyo. Huvumilia. Huchoka ndani kwa ndani, hufanya nyufa usizoziona, kisha siku moja wapasuka katikati ya kitalu. Na mbolea ikizidi ndani ya maji, vitundu vidogo huziba, na mmea wa mwisho hukauka ijapokuwa tangi limejaa.

Mishipa ya damu haina tofauti kubwa na hiyo. Sukari ikikaa nyingi katika damu kwa miaka, huharibu ngozi laini ya ndani ya mshipa. Presha ikiwa juu, damu hupiga pale pale palipoharibika, kila pigo la moyo, mchana na usiku. Mafuta hushika mahali pale, mshipa ukawa mgumu na mwembamba. Mishipa midogo ya macho ikiharibika, mtu apofuka. Ya figo ikiharibika, mtu atafuta mashine ya kusafisha damu. Mishipa mikubwa ikiziba, ni moyo, ni kiharusi, ni mguu wa kukatwa. Kila adui peke yake ni mbaya. Wakikaa wawili katika mwili mmoja, kila mmoja humfanyia mwenziwe kazi.

Na wote wawili hawapigi hodi. Presha nyingi haina maumivu. Serikali yetu ilipowapima watu wazima mwaka 2015 iliona kwamba karibu robo yao wana presha, na kwamba watu 56 katika kila mia hawajapimwa presha hata siku moja maishani mwao. Hebu hesabu, ndugu, watu wa mstari wako kazini, uone ni wangapi.

FAIDA YA VIDONGE, NA MWISHO WAKE

Wako wasemao vidonge ni biashara ya wenye maduka ya dawa. Basi na tutazame hesabu. Mwaka 1977 Waingereza walianza uchunguzi mkubwa wa watu wenye sukari. Katika uchunguzi huo, wagonjwa 1,148 waliokuwa na sukari na presha pamoja waligawanywa. Wengine presha yao ilibanwa barabara kwa vidonge, wengine ilibanwa kidogo tu. Kwa kadiri ya miaka 8, wa kwanza walikuwa na presha ya 144 kwa 82, na wa pili 154 kwa 87. Tofauti yenyewe ni ndogo, 10 tu kwa ile ya juu. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1998, wale waliobanwa barabara walikuwa wamepungukiwa na kiharusi kwa 44 katika kila mia, na vifo vya sukari kwa 32 katika kila mia, na madhara ya mishipa midogo kwa 37 katika kila mia.

Lakini sehemu itupasayo kuikumbuka zaidi ilikuja mwaka 2008. Baada ya uchunguzi kwisha, wagonjwa wale walirudi kwa madaktari wao wa kawaida, na muda si mrefu presha za makundi mawili zikawa sawa. Walipohesabiwa tena miaka 10 baadaye, faida ya presha ilikuwa imepotea. Haikuwekwa akiba. Kidonge cha presha hulinda kwa muda kinapomezwa, na kikiachwa, ulinzi wake waondoka. Ni kama mshahara wa kibarua: siku usiyofanya kazi hailipwi.

Kwa hiyo mtu asiniambie tena, "Nilimeza mwezi mzima nikapona." Hukupona. Presha ilishuka kwa sababu ulimeza.

Tena usishangae jirani akiwa na kidonge tofauti na chako. Mwaka 2019 ulitangazwa uchunguzi wa watu weusi 728 wa nchi 6 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo. Ulionyesha kwamba dawa mbili pamoja zenye amlodipine ndani yake zilishusha presha kuliko mbili zisizo nayo. Lakini mwenye sukari ambaye mkojo wake umeonekana na protini, daktari mara nyingi humpa dawa ya jamii ya enalapril au losartan, kwa sababu hizo hulinda figo. Basi uliza: mkojo wangu umepimwa? Na ninyi akina mama, mkiwa na mimba au mkitaka kuipata, mwambieni daktari mapema, kwani dawa hizo za jamii ya enalapril na losartan humdhuru mtoto tumboni. Kidonge kikikuletea kikohozi kikavu au kuvimba miguu, usikitupe. Rudi useme, ubadilishiwe. Uso au ulimi ukivimba, nenda hospitali saa ile ile. Usiazime vidonge vya shangazi yako, wala usimeze viwili kufidia cha jana.

Wala kidonge hakifanyi kazi peke yake. Mtu amezaye kidonge asubuhi, kisha mchana akala mandazi na soda kando ya barabara, na jioni akatia chumvi juu ya chumvi, na sigara mkononi, huyo amjengea mwizi ngazi huku akifunga mlango.

SASA KWA MATAJIRI

Najua jibu la matajiri. Watasema, "Sukari na presha ni magonjwa ya mtu mwenyewe. Hakuyapata katika maua yangu." Haya, na iwe hivyo. Lakini ni nani amfanyaye akose siku yake ya kliniki? Ni nani amwekaye kazini saa nyingi bila kula, naye amemeza dawa ya sukari, hata akatetemeka na kuona giza? Vidonge vingine vya presha huondoa maji mwilini, na mwenye kuvimeza hana budi kwenda choo mara kwa mara. Ni nani amwandikiaye onyo kwa kwenda choo? Nawajua watu wawili walioacha vidonge hivyo kwa sababu moja tu: kumwogopa msimamizi wa pakihausi. Huo si ugonjwa wa mtu mwenyewe. Huo umetengenezwa kazini.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yatupa siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka, kwa cheti cha daktari, baada ya miezi miwili ya kazi. Ni jambo jema. Lakini siku hizo ni za mtu aliyeugua. Mwenye presha huenda kliniki akiwa mzima, ili asiugue, na hapo ndipo nyapara amwambiapo, "Wewe si mgonjwa, rudi mstarini." Pengo hilo halizibwi na sheria. Laweza kuzibwa na mapatano yetu.

Kifungu cha 34 chasema mwajiri ahakikishe kuna dawa za kufaa wakati wa ugonjwa. Tajiri atajibu kwamba bima yatosha. Ni kweli twakatwa. Tangu Oktoba 2024 twakatwa 2.75 katika kila mia ya mshahara kwa bima mpya ya afya; mwenye shilingi 12,000 hutoa 330 kila mwezi. Lakini kadi ya bima haimezwi kwa maji. Mtu wa Kamere au Kwa Muhia akiomba ruhusa, akalipa matatu hadi mjini, akapanga foleni, kisha akaambiwa dawa zimekwisha akanunue, amepoteza siku, nauli na mshahara. Mara ya tatu harudi.

TUNAYOYATAKA

Naomba wajumbe wetu, watakapoketi tena na waajiri juu ya mapatano ya pamoja, waweke mambo haya mezani kama waliwekavyo lile la mishahara:

1. Siku ya kliniki kwa mwenye ugonjwa wa kudumu iwe siku ya mshahara, isikatwe katika siku za likizo, wala isifutwe kwa ajili ya Januari na Februari.

2. Zahanati ya kila shamba iwe na mashine ya presha iliyo sahihi, vipimo vya sukari, na vidonge vya kawaida vya presha, ili mtu apewe dawa ya mwezi pale pale.

3. Maji ya kunywa, choo na saa ya kula visiombwe kama zawadi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 tayari yataka maji na vyoo.

4. Mtu atakayejitaja kuwa na sukari au presha asihamishwe kwa adhabu, wala asinyimwe mkataba mpya.

Gharama yake? Vidonge vya kawaida vya presha ni vya bei ndogo. Kumfundisha mkataji mpya mpaka mkono wake uwe mwepesi ni kazi ya miezi. Tajiri ajuaye kuhesabu mashina ajue pia kuhesabu hilo.

Na sisi tusingoje mapatano. Juma hili kila mwakilishi na awaulize watu wa mstari wake: nani hajapimwa? Nani ameacha vidonge? Mwenzako akiwa na siku ya kliniki, mshikie meza yake. Madaktari wengi hutaka presha ya mwenye sukari isipite 130 kwa 80. Muulize wako kiwango chako ni kipi, ukiandike, ukijue kama ujuavyo namba yako ya kazi.

Yule mama hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa mfanya kazi hodari aliyeambiwa kwamba maua hayangoji. Ni kweli maua hayangoji, ndugu zangu. Mishipa ya damu nayo haingoji.

Umoja ni nguvu.