Viraka Vyangu Si Takataka

Nimechoka kuambiwa nitupe. Kila wiki kuna video mpya ya mtu mwenye sebule nyeupe na sauti ya upole, akitufundisha kwamba kitu ambacho hujakigusa mwaka mzima hukihitaji. Watu wanaitikia amina. Halafu jamaa anakuja kejani kunywa chai, anaona masanduku mawili chini ya kitanda na gunia juu ya kabati, anacheka: "Sasa hizi takataka zote unangoja nini?"

Nangoja zitoshe, ndugu yangu.

Mimi hushona blanketi za viraka. Blanketi la futi sita kwa saba, lenye viraka vya inchi sita kila upande, linataka viraka 168. Tena si viraka vyovyote tu, ni viraka vinavyosikizana. Kitenge cha bluu nilichopewa na fundi Januari huenda kikapata mwenzake Novemba ya mwaka ujao, kwenye shati la mitumba kutoka Gikomba. Ukinipa sheria ya mwaka mmoja, umeua blanketi kabla sijatia uzi kwenye sindano.

Marie Kondo mwenyewe, yule Mjapani ambaye kitabu chake cha 2011 kiliwafanya watu dunia nzima wamwage kabati zao kitandani, hakusema habari ya mwaka. Alisema ushike kitu, ujiulize kama kinakupa furaha. Sawa. Nimeshika kipande cha dera ya kijani kibichi, rangi ya ukuta wa hospitali. Furaha sina. Lakini nina pembe ya kushoto ya blanketi. Na mwaka wa 2019 mama huyo alifungua duka la mtandaoni la kuuza vitu vya nyumbani. Mnaona mchezo? Unatoa vyako, nafasi inapatikana, nafasi inauziwa vingine.

Na kutupa ni kutupa wapi? Hapa Nairobi "tupa" maana yake ni Dandora, jaa ambalo lilitangazwa kuwa limejaa tangu 2001 na bado malori yanapanda. Pamba itaoza huko siku moja. Poliesta haiozi, itatuzika sote. Sebule yako nyeupe ina nyuma yake, na nyuma hiyo kuna watu wanaishi.

Kuna kingine kinachoniudhi zaidi. Mwanamume akijaza sebule vitabu ambavyo hajasoma, hiyo ni maktaba. Akiweka nyaya, mbao na misumari iliyopinda, huyo ni mtu wa mikono. Mwanamke akiweka vitambaa, ana tabia za shosho. Haya, tuwaulize hao mashosho. Leso kwao huanza kwa kuvaliwa, ikilegea inabeba mtoto, ikichakaa inashikia sufuria, na mwisho inafuta sakafu. Hakuna hatua inayoitwa takataka.

Wasiddi wa Karnataka, India, ni watu wenye asili ya Afrika, na wengi wanatajwa kuwa na mababu waliochukuliwa utumwani kutoka upande wetu huu wa bahari. Wanawake wao hushona blanketi ziitwazo kawandi kwa nguo kuukuu. Huanzia ukingoni, wakizunguka na kuingia ndani mpaka wakutane na katikati. Kule Alabama, Marekani, wanawake weusi wa Gee's Bend walishona zao kwa nguo za shamba zilizochakaa magotini, ili watoto wasilale na baridi. Mwaka wa 2002 blanketi hizo zilitundikwa kwenye jumba la makumbusho la Whitney, New York, wakosoaji wakasimama mbele yake wakizungumzia sanaa. Ingekuwaje kama mtu angepita miaka ya nyuma na ushauri wake wa kutupa?

Lakini msinisikie vibaya. Kurundika si kuhifadhi. Kuna watu wa kununua tu: yadi sita juu ya yadi sita, mkasi haujawahi kuzigusa. Hao wana mchezo mwingine, siwatetei. Na kuna wale wa kupanga vitambaa kama upinde wa mvua kwenye rafu ya wazi mbele ya dirisha, wapige picha. Jua la dirishani linafifisha rangi, na linaanza palepale penye mkunjo. Baada ya miezi kadhaa kitambaa kina mstari uliochujuka katikati, na hapo hata kiraka cha inchi sita unakitafuta kwa tochi.

Vyangu sipangi kwa rangi. Rangi nitaziona, nina macho. Napanga kwa asili ya kitambaa, pamba mbali na poliesta mbali, kwa sababu pasi inayonyoosha pamba inayeyusha poliesta. Muuzaji akiapa ni pamba tupu, navuta nyuzi mbili, naziwasha na kiberiti juu ya sinki. Pamba inanuka karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta inajikunyata inakuwa tone gumu jeusi. Kiapo kimeishia hapo.

Kingine: hakuna kitambaa kinachoingia sandukuni kabla ya kufuliwa. Kitenge kipya kina wanga unaokifanya kiwe kigumu, na wanga ni chakula cha vile vidudu vya rangi ya fedha vinavyokimbia ukifungua kitabu cha zamani. Tena nyekundu ikitaka kuchuja, ichujie kwenye karai, si juu ya blanketi uliloshona miezi minne.

Sanduku lenyewe ni lile la bati, la bording. Ndiyo, lile la Form One, lenye jina lako kwa rangi nyeupe. Mengi yamekaa tu kwa wazazi yakibeba vumbi. Panya haling'ati. Nimelitandika shuka kuukuu la pamba ndani, kutu isishike kitambaa. Makopo ya plastiki ya bei mbaya yanayotangazwa kwenye zile video siyataki, wala mifuko ya nailoni. Unyevu ukifungiwa humo, koga inafuata. Mombasa ndiyo usijaribu kabisa. Kila baada ya miezi michache natoa vyote, navipa hewa, nakunja upya mahali tofauti ili mkunjo usikate nyuzi. Vijipande visivyofika kiganja vinaingia kwenye gunia, vitajaza mto. Kazi yote hiyo inamaliza Jumamosi asubuhi, na bado mtu ataniita mchafu.

Wewe usiyeshona, nina neno moja nawe pia. Ukipeleka kitenge kwa fundi, umelipia yadi sita. Gauni likila nne na nusu, hiyo moja na nusu ni mali yako. Idai. Kama huna haja nayo, niletee mimi. Nafasi ipo chini ya kitanda, upande wa ukutani.